Kasuku wa Maypures na Sarufi Iliyosahaulika

Katika masomo ya kifo cha lugha, kisa cha kasuku wa mto Orinoco hakikosi kutajwa. Mwaka 1800 Alexander von Humboldt alifika Maypures, kwenye maporomoko ya mto huo, mpakani mwa Venezuela na Kolombia ya leo. Wenyeji walimwambia kuwa hapo yupo kasuku mzee asiyeeleweka na mtu, kwa kuwa anasema lugha ya Waature, kabila lililokwisha kutoweka.

Kisa ni kitamu. Ernst Curtius alikitungia shairi, na mwaka 1997 msanii wa Marekani, Rachel Berwick, aliwafunza kasuku wawili maneno ya Kimaypure na kuwaweka kwenye maonyesho. Kazi hiyo inagusa moyo, hilo sibishi. Lakini kasuku wa Humboldt alisemekana kusema Kiature, wala si Kimaypure, na hizo ni lugha mbili za koo tofauti! Isitoshe, kasuku hutamka tu. Hawezi kunyambua kitenzi wala kumjibu mtu.

Aliyetuachia Kimaypure hasa ni Filippo Salvatore Gilij, padre Mjesuti wa Kiitalia aliyeishi Orinoco miaka 18, hadi mfalme wa Hispania alipowafukuza Wajesuti mwaka 1767. Katika kitabu chake kilichochapishwa Roma kati ya 1780 na 1784, alilinganisha Kimaypure na Kimoxo cha Bolivia, mbali sana upande wa kusini. Aliona kwamba katika lugha zote mbili kiambishi awali nu- huonyesha nafsi ya kwanza umoja, akahitimisha kuwa lugha hizo ni ndugu. Hayo yalichapishwa kabla ya hotuba mashuhuri ya William Jones ya mwaka 1786 kuhusu Kisanskriti. Mwalimu aliyezoea kuwaonyesha wanafunzi undugu wa lugha za Kibantu kwa viambishi vya ngeli ataielewa njia hiyo mara moja.

Gilij naye asitakaswe. Misheni kama zake ziliwakusanya watu wa makabila mbalimbali mahali pamoja, na lugha ndogo zikamezwa na kubwa. Jambo hilo kisa cha kasuku hakiligusi kabisa: ndani yake lugha inakufa kama mzee anavyokufa usingizini, bila mkono wa mtu.

Kwa hiyo ningependa mhadhiri aanze na nu-. Kasuku anaweza kungoja hadi mwisho wa kipindi.