Bonge Lisilopaswa Kuyeyushwa: Tiba ya Mshtuko wa Moyo Usioinua Sehemu ya ST

Mgonjwa anapofika hospitalini akilalamikia maumivu ya kifua, kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, hupaswa kupigwa na kusomwa ndani ya dakika 10, kwa kuwa karatasi yake ndiyo inayoamua njia ya tiba. Ikiwa sehemu ya ST, ule mstari unaofuata mawimbi ya kusinyaa kwa vyumba vya chini vya moyo, imeinuka na kubaki juu, kwa kawaida mshipa mmoja wa koronari umeziba kabisa na sharti ufunguliwe mara moja. Isipoinuka, moyo haujawa salama: mara nyingi utando wa mafuta umepasuka ndani ya mshipa, chembe sahani zinazogandisha damu zimejikusanya juu yake, na damu inapenya kwa shida.

Hapo ndipo troponini hupimwa, nayo ni protini inayovuja kwenye damu pale misuli ya moyo inapoumia. Kiwango kimoja kilichopanda hakitoshi, kwani ugonjwa sugu wa figo nao hukipandisha; kinachotafutwa ni badiliko kati ya vipimo viwili, ambalo vipimo vya kisasa vyenye unyeti mkubwa hulionyesha baada ya saa 1 au 2.

Katika tiba, fundisho zito zaidi lilitokana na utafiti wa TIMI IIIB, uliochapishwa mwaka 1994 ukiwa na wagonjwa 1,473. Kwa kuwa dawa za kuyeyusha bonge la damu zilikuwa zimeokoa wengi ambao mishipa yao imeziba kabisa, ilitarajiwa kwamba zingewafaa pia wale ambao sehemu yao ya ST haijainuka; lakini asilimia 7.4 ya waliopewa dawa hiyo walipata mshtuko wa moyo baadaye, ikilinganishwa na asilimia 4.9 ya wasiopewa, na wanne kati ya waliopewa walivuja damu ndani ya fuvu. Inaelezwa kwamba bonge la aina hii limejaa chembe sahani, na kuliyeyusha huachilia trombini, kimeng'enya kinachozichochea kujikusanya upya.

Ndiyo maana tiba ikaelekezwa kwenye kuzizuia chembe hizo: aspirini ya miligramu 150 hadi 300, kisha dawa ya pili kama klopidogreli au tikagrela. Kwa upande wa dawa za kuzuia kuganda, utafiti wa OASIS-5 wa mwaka 2006, wenye wagonjwa 20,078, ulionyesha kwamba fondaparinuksi ya miligramu 2.5 kwa siku ilizuia madhara ya moyo sawa na enoksaparini, huku uvujaji mkubwa wa damu ukishuka kutoka asilimia 4.1 hadi 2.2, na vifo vya siku 30 navyo vilipungua, jambo linalothibitisha kwamba kumlinda mgonjwa asivuje damu ni sehemu ya tiba yenyewe.

Mwenye hatari kubwa hufaa kuchunguzwa mishipa kwa katheta ndani ya saa 24, na ndani ya saa 2 ikiwa maumivu hayatulii au shinikizo la damu limeporomoka. Hata hivyo, fondaparinuksi peke yake haizuii damu kuganda kwenye katheta, hivyo heparini huongezwa wakati wa kuzibua mshipa. Kwa sababu hiyo, daktari anayempa mgonjwa rufaa aandike katika barua jina la dawa aliyompa, kipimo chake na saa aliyompa.