Mbuzi 325 Angani: Kuhama Walihama, Je, Walipata Makazi?

Mfugaji mwenye mbuzi wengi kuliko malisho yake ana njia tatu: auze, agawe au achinje. Hifadhi ya Taifa ya Olympic, katika jimbo la Washington nchini Marekani, ilipojikuta na mbuzi wa ziada ilianza na kugawa, ikaishia kwenye risasi. Kati ya mwaka 2018 na 2020 ilikamata mamia ya mbuzi wa milimani wakiwa hai na kuwapeleka kwa helikopta na malori hadi milima ya Cascade, mashariki ya hifadhi, katika jimbo hilohilo. Kazi hiyo inafaa kuchambuliwa hatua kwa hatua na yeyote anayehamisha wanyama, kwa sababu sehemu iliyoonekana ngumu ndiyo iliyofanikiwa, na ile iliyoonekana rahisi ndiyo iliyoleta matatizo.

Kwanza, ziada ilitoka wapi? Mbuzi hawa weupe, wenye manyoya mazito na pembe fupi kali, si wenyeji wa Olympic. Waliletwa miaka ya 1920, kabla ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1938, ili wawe windo. Walikuwa kama dazeni moja tu, kutoka Alaska na Kanada. Kufikia mapema miaka ya 1980 walikuwa wamepita elfu moja. Wakati huo hifadhi iliwakamata na kuwaondoa mamia, kisha ikasitisha kazi mwishoni mwa muongo kwa kuwa ilikuwa ya hatari kwa watu na kwa mbuzi wenyewe. Waliobaki wakaendelea kuzaana. Sensa ya mwaka 2016 ilikadiria kuwa wamefika zaidi ya 600, na idadi ilikuwa ikipanda kwa takriban asilimia 8 kila mwaka.

Wingi peke yake haukuwa tatizo lote. Milima ya Olympic haina sehemu za asili za kulamba chumvi, na mbuzi bila chumvi hatulii. Hawa waligundua kwamba binadamu ni chumvi inayotembea: jasho kwenye mikanda ya mabegi, nguo zilizoanikwa, mkojo kandokando ya njia. Wakaanza kuwafuata wapanda milima, wakalamba walichoacha na kuchimbua udongo waliokojolea, huku wakikanyaga na kula mimea ambayo baadhi yake haioti kwingine duniani. Mwaka 2010 dume mmoja alimchoma kwa pembe mpanda mlima na kumuua. Tangu siku hiyo suala la mbuzi likawa pia suala la usalama wa wageni.

Kwa nini Cascade? Hoja ya wapangaji ilikuwa nyoofu. Huko ndiko kwao kwa asili, kuna sehemu za kulamba chumvi, na idadi yao ilikuwa imeshuka sana, hasa kutokana na uwindaji wa kupindukia wa zamani. Upande mmoja una ziada, mwingine una upungufu. Hamisha, umalize mawili kwa mpigo mmoja. Juni 2018 mpango uliidhinishwa, ukiunganisha Idara ya Hifadhi za Taifa, idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo na Idara ya Misitu.

Sasa tuingie kwenye ufundi. Helikopta ndogo iliruka juu ya magenge, mpigaji akiwa amekaa mlangoni na bunduki ya kurusha wavu au ya mshale wa dawa ya usingizi. Rubani alilazimika kumsukuma mbuzi taratibu hadi mahali ambapo akianguka hataporomoka bondeni. Hapo mkamataji alishuka, akamziba macho kwa kitambaa, akamfunga miguu na kuzivika pembe vifuniko. Kitambaa cha macho ni kitu kidogo chenye kazi kubwa: mbuzi asiyeona hupunguza fujo, na fujo ndiyo inayopandisha joto la mwili. Kisha mnyama aliingizwa kwenye mfuko maalumu, na helikopta ikateremka naye akining'inia chini yake, wakati mwingine wawili au watatu kwa pamoja.

Kituoni kulikuwa na madaktari wa mifugo na watu wa kujitolea waliokuwa wamejipanga kama mafundi wa karakana, kila mmoja na kazi yake. Mmoja alipima joto, mwingine alitoa damu, mwingine alichoma dawa, mwingine alifunga kola ya kutuma taarifa za mahali kwa setilaiti. Adui mkubwa hapo alikuwa joto. Mnyama aliyeumbwa kuishi kwenye theluji, aliyetoka kukimbizwa na akiwa na manyoya yake yote mwilini, anaweza kufa kwa joto la mwili kupanda mno hata kama hana jeraha. Kwa hiyo alipozwa papo hapo, akatiwa kwenye kreti, na kreti zikapakiwa kwenye malori yenye majokofu. Safari ilikuwa ya usiku. Asubuhi helikopta nyingine ilizibeba kreti hadi juu ya mstari wa miti, na milango ikafunguliwa. Majike na watoto wao waliachiwa pamoja kila ilipowezekana.

Matokeo ya hatua hiyo yanaridhisha. Katika miaka mitatu, mbuzi 381 walikamatwa au kuondolewa. Kati yao 325 waliachiwa Cascade, na watoto 16 wakapelekwa kwenye bustani za wanyama, ikiwemo Northwest Trek. Waliokufa wakati wa kukamatwa walikuwa 22, na 4 walikufa njiani. Wengine 6 walipumzishwa kwa sindano kwa kuwa hali yao haikufaa kuhamishwa, na 8 walipigwa risasi. Kumkamata mnyama wa porini kwenye genge na kumsafirisha usiku kucha, kisha vifo vya kukamatwa na vya njiani vikabaki chini ya 7 kwa kila 100, ni kazi ya watu wanaojua wanachofanya.

Uamuzi kuhusu wale watoto 16 nao una mantiki yake. Mtoto asiye na mama hawezi kumaliza majira ya baridi mlimani peke yake, kwa hiyo kumwachia huko kungekuwa kumuua polepole na kuliita tendo hilo uhuru. Na kwa mbuzi wa Olympic wasiokamatika, hifadhi haikuzunguka mbuyu: kuanzia Septemba 2020 wapigaji risasi wa kujitolea waliofunzwa waliingia milimani, na baadaye ikatumika helikopta.

Doa linaanza pale milango ya kreti ilipofunguka. Kola zilizofungwa shingoni zilipofuatiliwa, vifo vilionekana kuwa vingi kuliko walivyotarajia wapangaji, na idadi ya mbuzi Cascade haikuinuka kama ilivyokusudiwa. Kwa mtazamo wangu, swali la kwa nini mbuzi wa Cascade walikuwa wachache halikukaziwa vya kutosha. Uwindaji wa Cascade ulikuwa umebanwa kwa miaka mingi kabla ya 2018, ila katika maeneo kadhaa mbuzi hawakurudi. Wapangaji walitegemea kwamba makundi madogo yalihitaji nyongeza tu ili yachipuke. Inawezekana pia kwamba kulikuwa na jambo jingine linalowazuia wenyeji, na jambo hilo haliwezi kuwahurumia wageni wasiojua njia, maficho wala chumvi iko wapi.

Mwaka huohuo wa 2018 Kenya ilipata somo la aina hiyo kwa gharama kubwa. Faru weusi 11 walitolewa katika hifadhi za Nairobi na Ziwa Nakuru wakapelekwa Tsavo Mashariki, na wote wakafa. Uchunguzi uliyataja maji yenye chumvi nyingi ya huko: faru walipokunywa walizidi kupata kiu, na walipozidi kunywa wakazidi kuumia. Mbuzi wa Olympic walikuwa na upungufu wa chumvi, faru wa Tsavo walikutana na chumvi ya kupita kiasi. Katika mikasa yote miwili swali lilihusu makazi mapya, jambo linalopaswa kupimwa kabla mnyama wa kwanza hajatiwa kwenye kreti.

Hukumu yangu ni hii: kama usafirishaji, kazi ya Olympic ni ya kuigwa, kuanzia kitambaa cha macho hadi lori la jokofu. Kama kuondoa mzigo hifadhini, ilifaulu. Kama kuwatafutia mbuzi makazi mema, haijafikia alama ya kupita. Anayepanga kuhamisha wanyama, wawe mbuzi wa kikundi cha kijijini au faru wa taifa, apeleke kwanza wachache, awafuatilie misimu yote ya mwaka, na atenge fedha za ufuatiliaji kabla ya kukodi chombo cha kuwabebea waliobaki.