Kicheko cha Mwalimu King'ang'i

Ukitoka Loresho asubuhi kuelekea mjini Nairobi, msongamano wa Waiyaki Way hukunasa kabla hujafika ABC Place. Kwa miaka mingi msongamano huo ndio uliokuwa ukumbi wa mchekeshaji Daniel Ndambuki. Mwenye gari lake na aliyebanwa kwenye matatu ya Kangemi walifungulia redio 105.2 hiyo hiyo. Mbele kidogo, Lion Place pale Westlands, Ndambuki alikaa studioni mwa Classic 105 na mtangazaji Maina Kageni, akiigiza mhusika Mwalimu King'ang'i.

Mwambie msikilizaji wake akusimulie kichekesho kimoja tu cha King'ang'i, nadhani atakwama. Kazi yake ilikuwa kudakia. Maina alitupa mada, mara nyingi ndoa, pesa au mpango wa kando, kwa Kiingereza laini cha mjini. Mtu akapiga simu, akamwaga ya nyumbani kwake. Maina akashangaa. King'ang'i akaingia kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kikamba, sentensi moja au nusu, kisha kicheko.

Kicheko hicho ndicho kilichobeba kipindi. Jukwaani mchekeshaji husubiri watu wacheke. Redioni hakuna wa kusubiriwa, na kimya kikizidi kidogo utadhani mtambo umezimika. King'ang'i alicheka kwa niaba ya abiria wote. Tena alianza mapema, kisa kikiwa njiani, msikilizaji akajua utamu unakuja na asiguse stesheni. Mpigaji simu naye akiona anachekewa, aliongeza chumvi.

Lafudhi ilikuwa na hesabu yake. Benson Wanjau, yule Mzee Ojwang' wa kipindi cha televisheni cha Vitimbi, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza kama Mjaluo. Vijana wa kundi la vichekesho la Redykyulass walimwiga Rais Moi mwenyewe. Ndambuki yeye alikuwa Mkamba aliyeigiza Mkamba, kwa hiyo ilikuwa vigumu kumshtaki kwa kudharau kabila la mtu. Na kumfanya mhusika huyo mwalimu ilikuwa akili kubwa: mwalimu akigeukia ubao, lafudhi yake ndiyo wanafunzi huanza kuiga. Anachekwa na bado anaogopwa. Basi King'ang'i aliweza kuihukumu ndoa ya mtu asiyemjua bila kusikika kama anahubiri.

Katika Churchill Show ya televisheni ya NTV, Ndambuki huyo huyo alivaa suti, akawakaribisha wachekeshaji wengine na kuwaachia jukwaa. Kule alikuwa mwenyeji. Redioni alikuwa mhusika, asiye na uso wala mikono ya kumsaidia.

Kasoro ipo. Mtindo huu ulihitaji aibu ya mtu kila asubuhi, saa zile zile wazazi wanapopeleka watoto shule. Wazazi walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini lawama hiyo naielekeza kwa waliochagua mada. Mada ikiwa wakwe au deni la rafiki, kudakia kule na kicheko kile vilitosha kabisa, na mtoto wa kiti cha nyuma angeweza kusikiliza.