Mali, Umaskini na Uhamisho: Kukisoma Kitabu cha Liisa Malkki juu ya Mishamo

Kitabu cha Liisa Malkki kiitwacho Purity and Exile, kilichotolewa Chicago mwaka 1995, hakikuandikwa kwa ajili ya wachungaji. Mwandishi ni mtaalamu wa mila na jamii za watu, naye anauliza jinsi watu waliofukuzwa kwao wanavyoendelea kujitambua kuwa taifa. Hata hivyo twadiriki kusema kwamba ni vichache vitabu juu ya nchi yetu vinavyomlazimisha mhubiri kuyapima upya maneno yake kuhusu mali kama kinavyofanya hiki.

Habari yenyewe yajulikana. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, Wahutu wengi walivuka mpaka na kuingia Tanzania. Serikali iliwapa ardhi Ulyankulu mkoani Tabora, na katika wilaya ya Mpanda iliwapa Katumba, kisha Mishamo, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1978. (Makazi haya mawili ya mwisho leo yamo katika mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012.) Katika kuyajenga, Serikali na Umoja wa Mataifa walishirikiana na TCRS, shirika lililoundwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Kwa hiyo Mlutheri akisoma kitabu hiki hasomi habari za wageni. Anasoma habari za sadaka yake mwenyewe, na jinsi ilivyopokelewa.

Mishamo ilikabidhiwa kwa Serikali mwaka 1985, ikihesabiwa kuwa inajitegemea. Mashamba yalikuwapo, na mazao ya chakula na tumbaku yalipatikana. Katika taarifa za wafadhili jambo hili lilikuwa ushindi. Lakini Malkki, aliyefanya utafiti wake huko na mjini Kigoma katika miaka hiyohiyo ya 1985 na 1986, alisikia sauti nyingine. Watu wa Mishamo walimweleza kwamba jasho lao lilikuwa likiwatajirisha wengine. Zaidi ya hayo, waliwatazama kwa mashaka wenzao waliofanikiwa katika biashara, kwa kuwa mwenye kutajirika ugenini ataota mizizi ugenini, na mwenye kuota mizizi atasahau nchi aliyoiacha. Mateso na umaskini vilihesabiwa kuwa njia ya kutakaswa, mfano wa Israeli jangwani, mpaka siku ya kurudi. Wakimbizi wa Kigoma, waliojichanganya na wenyeji, wakioana nao na kuficha asili yao, walionekana machoni pa wale wa Mishamo kuwa watu waliopotea.

Hapa ndipo ubora wa kitabu ulipo. Mwandishi anawaachia watu wenyewe nafasi ndefu ya kusema, wala hawageuzi kuwa picha ya mtoto mwenye njaa kama tulivyozoea kuonyeshwa kila michango inapoombwa. (Hata sisi tumezitumia picha hizo, tukiri.) Katika kitabu hiki maskini ana fikra juu ya umaskini wake.

Udhaifu wake ni kwamba fikra hizo zinaelezwa tu, hazipimwi. Kwa mwanasayansi huenda hilo ni adabu, bali kwa mchungaji halitoshi. Maana wale watu walikuwa wakifanya theolojia, na theolojia yao ilikuwa kweli nusu. Musa aliwaonya Israeli kwamba wakiisha kula na kushiba, na kujenga nyumba nzuri, mioyo yao isiinuke wakamsahau Bwana (Kum. 8:11–14). Hofu ya Mishamo ni hofu hiyo, ila kwa badiliko moja ambalo ni rahisi kulipita: Musa alihofia kusahauliwa kwa Mungu, nao walihofia kusahauliwa kwa Burundi. Nchi imekaa mahali pa Bwana. Tena lipo andiko la pili ambalo Musa hakuhitaji kulisema, kwa maana yeye alisema na watu waliokuwa wakiingia katika nchi yao. Ni barua ya Yeremia kwa waliochukuliwa Babeli (Yer. 29:5–7): wajenge, wapande bustani, waoze watoto wao, wautakie amani mji ule wa ugenini. Kwa mujibu wa barua hiyo, yule mfanyabiashara wa Mishamo hakuwa msaliti.

Luther, katika Katekisimo Kubwa, anapoieleza amri ya kwanza, anaitaja mali kuwa sanamu iliyoenea kuliko zote. Mara nyingi tunaishia hapo. Lakini palepale anaongeza kwamba asiye na kitu naye hukata tamaa kana kwamba hamjui Mungu. Yaani pochi tupu yaweza kuutawala moyo sawasawa na pochi iliyojaa. Tungependa neno hilo lisikike katika mahubiri yetu, ambayo siku hizi yamegawanyika kati ya wanaouza baraka za fedha na wanaoujibu upotovu huo kwa kusifu ufukara. Kumsifia ufukara mtu asiyeuchagua ni ukatili, hasa msifuji anapokuwa na mshahara.

Mambo yaliyofuata yamekipa kitabu maana ambayo mwandishi hakuweza kuiona mwaka 1995. Wakimbizi hao wa 1972 walipoulizwa kuanzia mwaka 2007 kama wangependa kurudi Burundi au kuwa raia wa Tanzania, walio wengi walichagua Tanzania. Na mwaka 2010 Serikali ilikubali kuwapa uraia zaidi ya watu 162,000. Je, usafi ule ulikuwa umechafuka? Twaona afadhali kusema kwamba watoto waliozaliwa Katumba na Mishamo waliitii barua ya Yeremia kabla ya mtu yeyote kuwahubiria. Hata hivyo hatuwacheki wazee wao. Waliogopa kwamba shibe ingewafanya wawasahau wafu wao waliouawa, na hofu hiyo haifutwi na hati ya uraia.

Tunapendekeza kitabu hiki kisomwe na wanafunzi wa Agano la Kale, si wa maadili peke yao. Lugha yake ni nzito, na sura ya mwanzo yenye nadharia yaweza kumchosha msomaji. Tunamshauri aanze na masimulizi ya watu wa Mishamo, Yeremia 29 ikiwa wazi kando yake, ndipo arudi mwanzo.