Huyu Mjomba Hana Ndani

Ndugu msomaji, kama na wewe una daftari lenye riwaya iliyokwama sura ya tatu, karibu tukae wote. Mimi nimekwama hapo mwaka mzima. Nilimaliza kidato cha nne, alama hazikunipeleka mbele, nikaamua kuandika. Kijiweni kwetu Jumapili jioni tunasomeana kazi zetu chini ya mwembe, halafu tunachanana bila huruma. Siku niliyosoma sura ya tatu, jamaa mmoja alisikiliza hadi mwisho, akatema kumbi la muwa, akasema: "Huyu mjomba wako hana ndani."

Nilielewa kama wengi wenu mngeelewa. Nikarudi nyumbani, nikawasha taa, nikamwandikia mjomba kurasa nne za mawazo. Mjomba kalala anatazama dari, anajilaumu, anakumbuka utoto wake, anajiuliza yeye ni nani hasa. Jumapili iliyofuata nikasoma. Yule jamaa akatikisa kichwa. "Sasa amekuwa mwanafalsafa," akasema, watu wakacheka. Nilikasirika, lakini usiku nilikiri moyoni: mjomba wa kweli, yule niliyemwibia sura yake, hajawahi kulala akitazama dari. Hata dari hana. Ana mabati.

Makala haya ni juu ya kitu kilichoanza kunitoa hapo nilipokwama. Kimetoka mbali, Ufilipino, na kimeingia kwangu kwa njia mbili: vitabu vya mtumba pale Posta, na binamu yangu aliyefanya kazi za ndani Muscat akilala chumba kimoja na dada wa Kifilipino.

Kwanza neno lenyewe. Kwa Kitagalogi "loob" maana yake ni ndani, kama vile ndani ya nyumba. Lakini hilohilo ndilo neno la ndani ya mtu, na maneno mengi ya tabia yamejengwa juu yake. "Lakas ng loob" ni nguvu ya ndani, yaani ujasiri. "Sama ng loob" ni ubaya wa ndani, yaani kinyongo. "Kagandahang-loob" ni uzuri wa ndani, yaani ule wema unaotoka bila kuombwa wala kuhesabiwa. Na "utang na loob" ni deni la ndani: deni la mtu aliyetendewa jambo ambalo fedha haiwezi kulilipa.

Sasa yatazame maneno hayo kwa jicho la mwandishi. Kinyongo lazima uwe nacho juu ya mtu. Wema unamfikia mtu. Deni unadaiwa na mtu. Ndani ya Mfilipino, kwa jinsi lugha yake inavyosema, si chumba cha mtu kujifungia na kutazama dari. Ni chumba chenye mlango, na mlango huo ukiufungua unamkuta mwingine kasimama.

Huyo mwingine ana jina lake: "kapwa". Aliyelifanyia kazi neno hili kuliko wote ni Virgilio Enriquez, mwanasaikolojia aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki 1994. Alisoma shahada ya udaktari huko Marekani, akarudi Manila mwaka 1971, akaanza kufundisha kwamba saikolojia ya Wafilipino itafutwe kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 1975 wakaanzisha chama cha kitaifa cha saikolojia hiyo, nchi ikiwa chini ya sheria ya kijeshi ambayo Ferdinand Marcos aliitangaza 1972. Enriquez alisema kapwa si "mtu mwingine" kwa maana ya yule asiyekuwa mimi. Ni nafsi inayoshirikiwa, mimi na wewe ndani ya neno moja. Mtu akianza kujiona amejitenga na kapwa, ndipo anapomfanya mwenzake kuwa mgeni.

Hapa tusikimbilie kusema "aa, hata sisi tunalo, ni mwenzangu." Angalia vizuri. Mwenzangu linaanzia kwangu. Mwenzako linaanzia kwako. Lazima awepo mwenye mwenzi. Kapwa katika Kitagalogi hutumika pia kwa maana ya "wote wawili sawasawa". Halimuulizi nani mwenye nani. Tunakaribia neno hilo tunaposema mtu ni watu, ila methali si neno la kila saa, na neno la kila saa ndilo linalofanya kazi usiku na mchana bila mtu kulishtukia.

Wafilipino wana jambo jingine lililonitesa zaidi, nalo ni la sarufi tupu. Wana "sisi" mbili. "Tayo" ni sisi pamoja na wewe ninayekuambia. "Kami" ni sisi bila wewe. Binamu yangu alisema yule dada wa Muscat, kila alipokuwa anakula na mtu akapita, hata asiyemjua, alimwambia "kain tayo", tule sote. Ni kama sisi tunavyosema karibu chakula. Ila sisi karibu yetu haitaji sisi wowote. Yao inamweka mpita njia ndani ya "sisi" hata kabla hajagusa tonge.

Hebu jaribu hiyo kwenye Kiswahili chetu. Mwenye nyumba anakuambia, "Sisi hapa ni ndugu." Mwezi ukiisha hujalipa kodi, unagundua hukuwemo. "Sisi" yetu moja inafunika mengi, na wahusika wa riwaya zetu wanaisema hovyo bila mwandishi kujua ni ipi. Tangu nijue habari hii, kila nikiandika "sisi" nasimama na kujiuliza: huyu anayesikiliza yumo au hayumo?

Najua kuna atakayesema huu ni utamu wa watu kuelewana na kuchekeana tu. Hoja hiyo ilishasemwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 padre Mjesuiti kutoka Marekani, Frank Lynch, aliyekuwa mtafiti kule Ateneo de Manila, aliandika kwamba Wafilipino wanathamini sana mahusiano laini, na njia moja ya kuyapata ni "pakikisama", yaani kwenda sawa na kundi. Enriquez alimpinga. Alisema pakikisama ni ngazi moja tu kati ya nyingi. Chini kabisa ipo "pakikitungo", ule ustaarabu unaompa mtu baki. Juu kabisa ipo "pakikiisa", kuwa kitu kimoja na mtu. Ukichukua ngazi moja ya katikati ukaiita tabia ya taifa, umewafanya watu wote kuwa wapole wa kutawaliwa. Na Enriquez aliiweka "pakikibaka", mapambano, miongoni mwa maadili ya Wafilipino. Anayemheshimu kapwa analazimika siku nyingine kumkatalia mtu usoni.

Mimi si msomi wa chuo. Nikaona niipime nadharia kwa kitu ninachokijua, riwaya. Nikachukua Noli Me Tangere ya José Rizal, iliyochapwa Berlin mwaka 1887. Rizal aliiandika kwa Kihispania, nami nimeisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo neno loob halimo humo. Lakini jambo lenyewe limo, hasa kwa Elias.

Elias ni mtu wa porini, anayetafutwa na serikali. Ibarra ni tajiri aliyerudi kutoka masomoni Ulaya. Siku moja Ibarra anamwokoa Elias na mamba. Tangu hapo Elias ni mdaiwa. Anamwonya Ibarra kuhusu njama, anamponya na kifo siku ya kuweka jiwe la msingi la shule. Halafu, nyumbani kwa Ibarra, katika harakati za kuchoma karatasi kabla askari hawajafika, Elias anaona jina. Anauliza. Kumbe baba wa babu yake Ibarra ndiye Mhispania aliyeusingizia uovu ukoo wa Elias na kuuangamiza kizazi kwa kizazi.

Sasa wewe mwandishi chipukizi, ungefanya nini hapo? Najua. Mimi ningeandika kurasa nne za dari. Rizal anaonyesha macho ya Elias yakizunguka, mkono unashika kisu, kisu kinaanguka, Elias anakimbia. Basi. Kisha anarudi, anaokoa mali ya Ibarra ndani ya nyumba inayowaka, anamtorosha gerezani, na mwisho anakufa kwa ajili hiyo. Deni la ndani na kinyongo cha ndani vimekaa kwenye mwili mmoja, na vyote viwili vinamhusu mtu huyohuyo. Sikuambiwa Elias anawaza nini, lakini nilimjua kuliko ninavyomjua mhusika yeyote niliyemwandika mimi.

Hata hivyo sitaki kuwasifia Wafilipino mpaka nipitilize, kwani kusifia tu si uhakiki. Nina mashaka mawili. La kwanza: wanapomkaribisha mgeni akazoeleka, humwambia "hindi ka na iba sa amin", wewe si wa kando tena kwetu. Maneno matamu. Lakini hiyo "amin" ni ya ukoo wa kami, ile sisi isiyo na wewe. Anayekaribishwa anaambiwa si mgeni kwa neno linalomwacha bado mlangoni. Kapwa ana geti, na kuna watu wanaoshika funguo.

La pili ni hilo deni. Mwanasiasa akikuzika mzazi wako au akimpa ndugu yako kazi, kura yako anaihesabu kuwa yake. Enriquez alitetea kwamba utang na loob ni shukrani inayounganisha watu, si mnyororo. Namwelewa, ila naona inategemea nani anayelitamka. Akilitamka aliyepokea, ni shukrani. Akilitamka aliyetoa, ni minyororo mitupu. Na hapa nikageukia methali zetu nikashtuka. Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Shukrani ya punda ni mateke. Zote hizo anasema nani? Aliyetoa! Aliyepokea yuko kimya.

Aliyepokea ndiye mimi.

Ngoja niseme wazi, maana bila hili makala yote ni porojo. Mjomba wangu alinilipia ada miaka minne. Kila muhula alikuja usiku, akatoa leso mfukoni, akahesabu noti mezani bila neno, akanywa chai, akaondoka. Mjomba huyohuyo aliuza kiwanja cha marehemu baba bila kumuuliza mama. Mpaka leo sijui kama noti zile za kwenye leso ndizo zilikuwa kiwanja. Sijawahi kumuuliza. Mama naye hataki liguswe.

Katika sura yangu ya tatu nilimfanya mwizi, basi. Nilipoambiwa hana ndani nikamwongezea mawazo, kumbe kilichokosekana hakikuwa kichwani mwake. Nilikuwa nimejitoa mimi. Nilimwandika mjomba kama mtu wa kando ili niweze kumhukumu bila kudaiwa. Nikaacha leso, nikaacha chai. Nilificha deni, na deni lilipoondoka na ndani yake ikaondoka.

Sisemi sasa nimwandike malaika. Huko nako ni kwenda sawa na kundi, pakikisama ya kalamu, na tunayo tele: riwaya ambazo wazee wote wana busara na mjini kote ni kubaya. Elias hakusahau ukoo wake alipookoa mali ya Ibarra. Alivibeba vyote. Ugumu uko hapo, na sina hakika kama ninauweza.

Nimeiandika upya sura ya tatu. Kurasa za dari nimezichana. Sasa kuna meza, leso, noti zinahesabiwa, kijana anatazama vidole vya mjomba wake na anajua kiwanja kimeuzwa, na lazima aseme asante. Anaisema. Sikuandika anawaza nini. Mstari wa mwisho mama anaita kutoka uani, "Njooni tule," na hapo nilisimama nusu saa nzima, nikijiuliza mama amemhesabu nani kwenye hiyo "sisi".

Kijiweni bado sijaisoma. Kabla ya Jumapili nitakwenda kwa mjomba jioni moja nimsomee yeye kwanza, maana macho yake siku hizi hayaoni maandishi madogo. Akinifukuza, nitawaandikia toleo lijalo.