Namba ya TSC na Daftari la Jioni

Mwalimu wa Kenya akisajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, hupewa namba anayoikariri kuliko ya simu yake. Namba hiyo pekee haitoshi. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 inamtaka mwalimu aliyesajiliwa aendelee kujinoa kitaaluma.

Pongezi zangu nawapa waliojinoa bila kusukumwa. Mtaala wa umilisi ulipoanza rasmi madarasani mwaka 2019, walimu waliokwisha kuota mvi walirudi kuwa wanafunzi, wajue kumpima mtoto kwa anachoweza kutenda, si kwa alama za mtihani tu. Jirani yangu alikuwa mmoja wao. Baada ya chakula cha jioni alikuwa akiketi na simu yenye kioo kilichopasuka, akinakili daftarini maelezo ya rubriki, yaani vigezo vya upimaji, huku mjukuu akimvuta leso.

Mafunzo rasmi ya TSC yalipotangazwa mwaka 2021, walimu walilalamikia ada, na walikuwa na haki. Mishahara yao tunaijua. Jirani naye alinung'unika, tena kwa sauti. Kisha akaniuliza kama nina kalamu ya akiba.