"Moshi wa Zebaki": Istilahi Isiyofaa

Katika vipeperushi vya wachimbaji wadogo wa Geita na Shinyanga tumepata kusoma "moshi wa zebaki", yaani kile kitokacho pale mchanganyiko wa dhahabu na zebaki unapochomwa. Kwa maoni yetu istilahi hii inapotosha. Moshi huonekana, hunuka na huwasha macho. Apikaye kwa kuni anaujua na huukwepa. Zebaki iliyogeuka hewa haina rangi wala harufu. Mtu aliyeonywa juu ya "moshi" atachomea jikoni, na moto ukizimika atawalaza watoto mumo humo, maana haoni kitu. Tena zebaki iliyodondoka katika nyufa za sakafu huendelea kugeuka hewa bila moto wowote.

"Mvuke" ni afadhali, ingawa nao hukumbusha sufuria ya maji yachemkayo. Tunapendekeza "mvuke usioonekana wa zebaki". Ni ndefu, twakiri. Lakini Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka uchomaji huo ukomeshwe katika makazi. Mfasiri akiandika "moshi", mwenye nyumba atadhani kufungua dirisha kunatosha.